Herini za Kichwa cha Simba

Msiniambie niliota. Nilikuwa macho, nimekula, nimeswali adhuhuri, na mlango wa karakana yangu hapa mjini Firq nilikuwa nimeutia komeo kwa mkono huu huu. Jirani zangu wanasema ni joto la Agosti. Joto gani linalounganisha dhahabu?

Mimi ni sonara niliyejifundisha mwenyewe, kwa vitabu. Miaka kumi na miwili nimehangaika na kazi moja ya Wagiriki wa kale: kupanga chembe za dhahabu, ndogo kuliko punje za sukari, zishike juu ya bamba bila lehemu kuonekana. Wao walitumia gundi na unga wa jiwe la kijani la shaba. Moto ukipanda, shaba huingia ndani ya dhahabu, na kila chembe husimama peke yake. Mimi nikipata mbili katika kumi, nilishukuru.

Asubuhi ile Nasoro, mfanyabiashara wa mji wa Sur, aliniletea herini mbili za marehemu bibi yake, zenye vichwa vya simba. Nilizitambua papo hapo: kazi ya Kigiriki, ya kale. Moja ilikuwa imepukutika chembe shingoni.

"Itengeneze kabla ya alasiri," alisema. "Ikishindikana, ziyeyushe zote mbili, binti yangu apate bangili ya harusi."

"Bwana Nasoro, hizi zina zaidi ya miaka elfu mbili!"

"Dhahabu ni mizani, fundi. Hadithi haiongezi gramu."

Akacheka! Alipoondoka, kwa hasira nikafanya haraka. Nikatengeneza chembe mpya, nikazishikiza kwa lehemu. Lehemu ikafurika, chembe zikazama kama mchele ndani ya uji.

"Kijana, umezizamisha."

Sauti ilitoka nyuma yangu. Mimi nina miaka hamsini na mitatu. Aliyeniita kijana alionekana ana thelathini, na Kiswahili chake kilikuwa cha Unguja ya bibi zangu. Nikatazama mlango. Komeo liko pale pale. Akanisukuma kando kwa bega, tena bila kuomba radhi, akaikwangua lehemu yote, akapanga chembe kwa ncha ya unyoya, akapuliza makaa kwa mrija. Niaminini: kifua chake hakikupanda wala kushuka. Kisha akaitoa herini katika makaa mekundu kwa vidole vitupu. Chembe zote zimesimama.

"Ukiulizwa," akasema, "sema si kazi yako. Ujira wangu ni huo tu."

Nasoro akagonga. Nikafungua komeo; nilipogeuka, hapakuwa na mtu. Nasoro akaishika herini mwangani, kicheko kikamwisha.

"Lahaula! Hii haiyeyushwi. Binti yangu ataivaa. Kazi yako hii, fundi?"

Herini zilikwisha salimika. Nilikuwa na haja gani ya kudanganya?

"Yangu," nikasema.

Tangu siku ile, kila chembe ninayoibandika hushika hadi adhuhuri ya siku ya pili, kisha huanguka. Nimebadilisha gundi, nimebadilisha makaa, nimeandika kila jaribio daftarini. Huanguka. Neno moja tu, linifutie miaka kumi na miwili? Nakasirika hadi leo. Halafu nakumbuka: Nasoro alimcheka fundi yule wa kale aliyezitengeneza herini, bila kumjua. Mimi nilimwona kwa macho, nikamwibia sifa yake.

Basi wewe, ukisifiwa kwa kazi ya mkono mwingine, sema si yako. Hata kama humjui jina. Hata kama mlango ulikuwa na komeo.