Stempu za Telegramu Tumboni Mwangu

Jamani, kucheka mtacheka, lakini msinikatize, maana hadi leo nikikumbuka nilivyosimama tumbo wazi mbele ya mama mkwe wangu pale ufukweni Kismayo, masikio yananiwaka moto.

Nilikuwa mkusanyaji wa stempu, na si hizi za barua, la, zile za makampuni ya telegramu ya zamani, ambazo mtu alizibandika kulipia ujumbe wake upigwe kwa waya (marehemu baba aliniachia za kwanza, nyingine nikazisaka kwa mabaharia). Vita vilipoingia mjini na sisi Wabajuni tukawa tunaporwa nyumba kwa nyumba, mke wangu Mwanaesha akaniambia boti inaondoka asubuhi ile ile, tubebe nguo na sufuria tu. Nikajibu sawa, kisha nikaingia chumbani, nikazipanga stempu tumboni, nikazibana kwa fulana, nikavaa shati juu. Nilisahau kwamba stempu isiyotumika ina gundi nyuma, na mimi nikiogopa hutoka jasho kama mtungi.

Kabla ya kufika botini, wanamgambo walikuwa wakipekua watu. Mmoja, macho mekundu, akanipapasa tumbo, likalia kama karatasi.

"Warya! We kijana! Vua!"

Nikavua. Fulana ilitoka, stempu hazikutoka! Zilikuwa zimenasa kuanzia kitovuni hadi kifuani, na picha zake za nguzo na nyaya.

"Nini hizi?"

"Za telegramu," nikasema (mjinga mimi, ningesema chochote kingine).

"Unampelekea nani habari zetu?"

"Hapana, bwana, hizi si za kutuma, ni za kutazama tu."

Akakoki bunduki. Mwanaesha akanikamata mkono hadi kucha zikaingia.

Ndipo mama mkwe, Bi Somoe, ambaye hata kula mbele yake nilikuwa naona haya, akajipenyeza katikati yetu, akamwambia kwa Kisomali, "Mwanangu, huyu ni mwendawazimu. Hujibandika kila anachookota. Tunampeleka kisiwani Ngumi kwa ndugu zake wamfunge."

Yule jamaa akanigeukia. "Kweli?"

Nikaona nikijibu kwa akili timamu, tumekwisha. Nikabandua moja, ile niliyoipenda kuliko zote, nikailamba, nikaibandika kwenye paji la uso, nikampigia saluti.

Akaangua kicheko, na wenzake wakacheka, na (hili ndilo lililoniuma) majirani zangu pia. Akanisukuma kwa kitako cha bunduki. "Potea!"

Botini hakuna aliyetaka kukaa karibu nami. Nikazibandua kwa maji ya chumvi, zikatoka na malaika ya tumbo, zikachanika, nikazitupa baharini. Nikamsogelea mama mkwe, kichwa chini.

"Ahsante, mama. Uongo wako umetuokoa."

Hakunitazama, akasema kwa Kibajuni chetu, "Uongo upi? Mchu mwenye akili huacha sufuria akabeba karatasi?"

Sasa niko Mombasa, na nimeapa: sikusanyi tena kitu ambacho siwezi kumweleza mtu mwenye bunduki kwa neno moja.