Vidonge vya Serikali na Vidonge vya Misheni

Mama aliambiwa ana ugonjwa wa sukari wakati ambao madukani sukari yenyewe ilikuwa haionekani. Majirani walikuja kumpa pole, na baadhi yao, nadhani, kumwonea wivu. Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi kijijini kwetu, upande wa Majimoto, na kwa kuwa nyumbani ndiye niliyesoma, kazi ya kumpeleka kutibiwa ikawa yangu.

Tulikuwa na zahanati mbili, ya serikali na ya misheni, zimetenganishwa na mashamba ya mpunga, wala hazikuwa zikisalimiana. Kwa serikali alikuwepo mganga msaidizi. Sote tulimwita daktari, naye hakuwahi kutusahihisha. Kwa misheni alikuwepo sista kutoka Ufipa, mpole sana mpaka umtaje daktari.

Daktari aliuchemsha mkojo wa mama pamoja na dawa ya buluu, ukageuka rangi ya tofali. Akampa vidonge na kumkataza wali. Mama hakutulia mpaka asikie na upande wa kanisa, kwa hiyo tukaenda kwa sista. Nilimweleza kwamba mkojo umeshapimwa. Akajibu kwamba kipimo cha kule yeye hakitambui, akaupima upya, akapata tofali lilelile. Naye akatoa vidonge, akamkataza ugali.

Mama, aliyelima mpunga na mahindi maisha yake yote, akabaki na mchicha. Nilipomuuliza atamsikiliza nani, alisema wote ni watu wazima na hapendi kumuudhi mtu. Akawa anameza vya serikali, kisha vya misheni.

Haukupita muda akaanguka shambani, jasho linamtiririka, maneno hayaeleweki. Tulimbeba hadi misheni kwa sababu ndiko kulikokuwa karibu, na sista akasema sukari imemshuka mno, akamnywesha maji ya glukosi kidogo kidogo. Daktari alipopata habari alikuja mbio na baiskeli kutueleza kwamba dawa zake hazihusiki. Sista akasema hata zake hazihusiki. Walibishana kwa heshima kubwa, huyu akiita "Sista", yule akiita "Daktari", na mama amelala katikati yao.

Nilikwenda nyumbani nikachukua dawa za pande zote mbili, nikazimimina kwenye sahani moja mbele yao. Vidonge vilipochanganyika, hakuna kati yao aliyeweza kutambua vyake.

Mama alikuwa ameshapata fahamu. "Kwa hiyo nyie wote mlikuwa mnanipa kitu kimoja?"

Daktari aligeukia dirishani kuangalia baiskeli yake. Sista ndiye aliyejibu. "Ndiyo, mama. Tumekupa mara mbili."

Baada ya hapo walikubaliana sista apime, daktari atoe dawa, na wali na ugali virudi kwa kiasi. Ugumu ukawa ni mahali pa kukutana. Sista hakutaka kwenda serikalini, na daktari hakutaka kuingia misheni. Wakachukua darasa langu, wanafunzi wakasomea nje. Wagonjwa wa vijiji jirani nao wakaanza kuja, na kwa kweli walipata nafuu.

Habari zilifika Mpanda, akaletwa mgeni rasmi kuutazama huo ushirikiano. Alichelewa sana, kisha akahutubia kwa urefu uleule. Mama aliambiwa asimame mbele awe mfano. Alikuwa amemeza kidonge chake asubuhi, na chakula kilikuwa kinasubiri hotuba iishe. Nikaona anaanza kutetemeka. Kabla sijainuka, daktari na sista walikuwa wameshatoka kwenye viti vyao kwa pamoja. Mmoja akamshika mama mkono, mwingine akaichukua soda ya mgeni rasmi mezani na kumpa anywe.

Mgeni rasmi alidhani ni sehemu ya maonyesho, akaongoza makofi.

Mama aliinywa yote, akamrudishia chupa kwa adabu, akaenda kukaa. Hotuba ikaendelea.