Walipopungua Dundu wa Kahawia

Kazi yake ilikuwa kuhesabu wadudu, na aliifanya kwa miaka ishirini na mitatu bila kumchosha mtu kwa maelezo. Kila Jumatatu alizunguka na baiskeli kwenye mitego arobaini, vikopo vilivyofukiwa usawa wa ardhi kati ya msitu na malisho ya ng'ombe. Alimimina vilivyomo kwenye chupa, akarudi kituo cha utafiti, akajifungia katika chumba cha nyuma chenye hadubini moja, kibano na harufu ya spiriti. Watu walimwita Mzee Dundu. Hakulipenda jina hilo, ila hakulikataa, maana siku hizi waliomwita kwa jina lolote walikuwa wachache.

Mkewe alikuwa amefariki miaka minne nyuma. Binti yao aliolewa mbali, akawa anapiga simu Jumapili. "Umekula, baba?" "Nimekula." "Umekula nini?" Hapo mzee alibadilisha mada.

Kwenye mitego yake waliingia dundu wa aina kumi na nane, wale wanaofukia mavi ya ng'ombe. Wageni waliokuja kituoni waliulizia walewale watatu adimu: mwenye pembe, wa kijani anayemetameta, na mmoja mweusi aliyeonekana mara mbili tu tangu kituo kijengwe. Hao walipigwa picha. Wa kahawia, mdogo kama punje ya mahindi, hakuna aliyemtazama. Alikuwa tele. Katika kila dundu kumi, wanane walikuwa yeye, na mzee alizoea kumhesabu huku mawazo yakiwa kwingine.

Mvua za mwaka ule zilipoanza, alimaliza hesabu mapema mno. Alidhani ameruka sinia moja la kuhesabia, akarudia. Wa kahawia mia mbili na sita. Jumatatu kama ile, mwaka mmoja nyuma, daftari lilisema elfu moja mia tisa. Wiki iliyofuata walikuwa mia na arobaini.

Alipeleka daftari kwa Dakta, mkuu wa kituo, mama mwenye umri wa kuweza kuwa binti yake.

"Mzee wangu, mbona spishi zote zipo?" Dakta alipitisha kidole kwenye ukurasa. "Kumi na nane. Hakuna iliyopotea."

"Zipo, Dakta. Lakini huyu alikuwa ndiye mfanyakazi. Wale wengine ni wageni waalikwa."

Dakta alicheka, kisha akaacha. "Basi tungoje msimu uishe."

Mzee hakungoja. Alishuka malishoni, akaona alichokiogopa. Zamani fungu la mavi lilimalizika kwa siku tatu, likazikwa lote. Sasa mafungu yalikuwa yamekauka yakatapakaa kama sahani zilizosahauliwa, nyasi chini yake zimepauka, na inzi wamejaa. Ng'ombe walikuwa wakila kwa kukwepakwepa. Kando ya zizi vilikuwa vimetupwa vichupa vitupu vya dawa.

Mwenye ng'ombe wale alikuwa shemeji yake, kaka wa marehemu mkewe. Hawakuwa wamesemeshana tangu mazishi. Siku mke alipozidiwa, mzee alikuwa mitegoni, na shemeji alimwambia mbele ya watu: "Dada yangu amekata roho peke yake, wewe unahesabu wadudu." Hakuna aliyemkanya.

Alisimama langoni muda mrefu kabla ya kupiga hodi.

"Kumbe wewe," shemeji alisema. "Miaka minne. Haya, nani kafa?"

"Hakuna, shemeji. Ni dundu. Unawapa ng'ombe dawa gani?"

Shemeji alimkodolea macho. "Ya minyoo. Sindano mpya, kila mwezi. Imekukosea nini?"

"Inatoka na mavi. Dundu wanakula, wanakufa."

"Yaani umekuja kuwalilia wadudu." Sauti ya shemeji ilishuka. "Dada yangu hukumlilia hivi."

"Nilimlilia," mzee alisema. "Hukuniona kwa sababu ulinikataza nisikanyage kwako."

Kisha mzee, kwa kuwa hakujua afanye nini kingine, aliokota kijiti, akatembea hadi kwenye fungu kavu na kulipasua. Ndani palikuwa pakavu, hapana hata tundu moja. Shemeji alifuata polepole. Akaangalia fungu, akaangalia nyasi, akapunga inzi usoni.

"Nilidhani ni jua," alisema. "Majani hayaoti. Nikasema labda ardhi imechoka."

"Haijachoka. Imekosa wa kuilisha. Huyu mdogo alikuwa akishusha mavi chini kila siku, pamoja na mbegu zilizomo. Hao adimu hawawezi kazi hiyo, shemeji. Ni wachache mno."

"Na minyoo je?"

"Choma sindano wale waliokonda tu. Na uchome kiangazi, dundu wakiwa wamejificha."

Shemeji hakuahidi. Alisema ataona. Lakini Jumatatu zilizofuata mzee hakuona tena vichupa vitupu vya dawa kando ya zizi.

Ilichukua misimu miwili ya mvua. Mia na arobaini wakawa mia tatu, kisha mia saba na kitu. Elfu moja mia tisa hawakurudi, na mzee hakutarajia kuwaona tena maishani mwake. Mafungu yakaanza kuzikwa kwa siku tano, sita. Dakta akachora mchoro, akaupeleka kwenye mkutano, akarudi na kumpa mkono kwa furaha. "Ni kazi yako hii, mzee wangu." Mzee akashukuru, akarudi chumba cha nyuma.

Siku moja shemeji alimwita ale mchana kwake. Mzee alipiga pasi shati, akaenda. Walikula vizuri. Walizungumza habari za malisho, za ndama aliyevunjika mguu, za mvua. Mazungumzo yakaisha. Kila mmoja alijua lililobaki, na hakuna aliyejua pa kulishika. Ukutani palikuwa na picha ya marehemu akiwa msichana, kabla mzee hajamjua, akicheka na mtu asiyeonekana.

"Karibu tena," shemeji alimwambia langoni.

"Nimeshakaribia," mzee alijibu, na alikusudia hivyo kweli. Akapanda baiskeli, akaenda zake kandokando ya malisho wakati jua lingali juu, akiendesha taratibu kwa sababu nyumbani hapakuwa na wa kumuuliza mbona amechelewa.