Nyanya Zilizong'aa

Harufu ya tango linapokatwa hunirudisha kwenye ua wetu wa Nkuhungu, na kila inaponirudisha natamani ingenipeleka kwingine. Nimemaliza chuo, nimepanga chumba karibu na Chimwaga, nasubiri majibu ya kazi, na nina muda mwingi mno wa kufikiri. Nikitengeneza kachumbari ya kula peke yangu, nyanya huwa nimeziosha mara nne. Naomba niwaeleze sababu.

Nilipokuwa na miaka tisa, Bibi, mama yake Baba, alitoka kijijini kwake Kolo akaja kukaa kwetu ili ahudhurie kliniki ya presha. Aliniita mke mwenza, kama bibi wengi wanavyowatania wajukuu zao wa kike, nami nilijivunia cheo hicho mtaa mzima. Nesi alimshauri ale mboga mbichi na matunda kwa wingi. Mama, ambaye ni mkwe na alijua kuwa anatazamwa, aliyachukua maneno hayo kama kazi aliyokabidhiwa yeye.

Siku ya kwanza Bibi aliisogeza sahani pembeni kwa kidole kimoja.

"Mama Zuhura, mimi si mbuzi," alisema, akarudi kwenye ugali wake wa uwele na mlenda.

Mama hakubishana. Kesho yake alikata kabichi nyembamba kama nyuzi. Siku nyingine akakunia karoti juu yake, akakamulia limau, akanyunyizia karanga alizokaanga na kuzitwanga kidogo tu, maana Bibi na karanga walikuwa hawaachani. Msimu wa zabibu ulipofika, akazipasua katikati na kuzipanga juu. Bibi alianza kwa kuokota karanga na zabibu. Baadaye tukaona hata kabichi inapungua. Mama alikuwa akiondoa sahani mezani huku akijizuia asitabasamu.

Jumapili moja Bibi aliuliza mwenyewe majani yake yako wapi. Mama alifurahi kama mtu aliyefaulu mtihani, akanituma haraka nikaoshe nyanya na matango.

Bomba lilikuwa halijatoa maji kwa siku mbili, na ndoo moja tu ilibaki nyuma ya nyumba. Nilipogeuka kuchukua beseni nikaipiga teke. Udongo uliyanywa maji yote kabla sijainama. Nilisimama pale nikifikiri, kama ninavyofanya mpaka leo. Nikisema, nitatumwa kwa jirani, jirani atauliza, Bibi atasikia kuwa nimemwaga maji ya nyumba nzima, na hataniita tena mke mwenza. Kanga ya Mama ilikuwa kwenye kamba. Nikaichukua, nikafuta nyanya mojamoja mpaka vumbi likatoka, kisha matango. Ziling'aa kuliko siku zote. Nikapeleka jikoni nikasema tayari.

Bibi alikula sahani mbili.

"Leo mke mwenza kaosha kweli, nyanya zinang'aa," alisema. Mimi nikatazama ugali wangu.

Kesho yake tumbo lilimshika. Aliharisha siku tatu, Baba akampeleka zahanati, akarudi mashavu yameingia ndani. Ndipo Baba alipomuuliza Mama, kwa upole uliokuwa mbaya kuliko ukali, kama mboga zile zilioshwa. Nilikuwa mlangoni nimeshika vikombe.

"Kosa langu," Mama alisema. "Sikuziosha vizuri."

Sasa nawaambia sehemu inayonichoma zaidi. Sikulia wala sikujitokeza. Niliona nafuu. Niliweka vikombe mezani, nikatoka kwenda kuruka kamba.

Bibi alipopata nguvu alirudi Kolo. Kachumbari ikatoweka kwetu kwa miaka. Mama akawa anapika kabichi mpaka inalegea kabisa, na hakuna aliyemuuliza kwa nini. Nilijiambia kuwa Mama aliamini kweli kosa ni lake, kwa kunituma badala ya kuosha mwenyewe. Mawazo hayo yalinisaidia kulala.

Mwezi uliopita nilikuwa nakata tango hapa chumbani nikashindwa kuendelea. Nikampigia Mama simu, nikamweleza yote: ndoo, teke, kanga.

"Zuhura," akasema, "ile kanga niliifua mimi."

Alijua tangu siku ile ile, alipoiona ina madoa ya udongo na juisi ya nyanya, lakini Bibi alikuwa ameshakula. Nilimuuliza kwa nini hakusema. Akanijibu kuwa mkwe kulaumiwa ni jambo la kawaida, yeye angezoea. Mtoto aliyekuwa akiitwa mke mwenza asingezoea. Kisha akaniuliza kama nimekula.

Bibi bado yupo Kolo. Kila tukienda huwasimulia wageni jinsi mkwe wake alivyotaka kumuua kwa majani mabichi, na watu hucheka, na Mama hucheka pamoja nao. Halafu Bibi hunigeukia, "Au siyo, mke mwenza?"

Sijawahi kumjibu zaidi ya kuitika.