Nguva Aliyefunikwa Kanga

Sijui kama nguva ni mtu au mnyama, na kwa kutojua huko wiki nzima rafiki yangu hakuniongelesha.

Rafiki mwenyewe ni huyo mmoja tu. Baba alihamishiwa bandarini Mtwara kutoka Njombe nikiwa kidato cha kwanza, na tangu hapo nakaa dawati la nyuma, nikiulizwa swali najifanya natafuta kalamu. Likizo hii akanialika kwa bibi yake, karibu na mlango wa mto Ruvuma. Mama akaniazima simu yake.

Asubuhi ya tatu mjomba wa rafiki yangu alirudi na nguva. Alikuwa amenasa kwenye wavu, na kabla hawajamfikia akafa kwa kukosa hewa. Alikuwa mnene, wa kijivu, mdomo kama wa ng'ombe, mkia kama wa pomboo. Halafu nikaona matiti mawili, pale karibu na kwapa. Nikaona aibu, nikaangalia pembeni. Kisha nikamkumbuka mwalimu wa Baiolojia, alivyosema angefurahi sana kuona hata picha ya nguva wa huku. Nikafikiri, picha itaongea badala yangu. Nikapiga tatu.

Bibi akaja mbio, kanga mkononi.

"We mtoto! Unampiga picha maiti, tena yuko uchi?"

"Bibi, ni nguva."

"Kwani mimi nimesema kuku?"

Hakuna aliyecheka. Akamfunika. Wanawake wakamwosha kwa maji ya kisima, wanaume wakachimba shimo juu ya pale maji yanapofika. Kwao nguva jike hazikwi bila kanga.

"Futa," rafiki yangu akaninong'oneza.

"Nitafuta."

Sikufuta. Kwetu bibi yangu alipofariki, tulipanga mstari kupiga picha na jeneza likiwa wazi, na shangazi aliyechelewa akalia kwamba hayumo hata kwenye picha moja. Mimi nilijua picha ndiyo heshima. Sasa kama nguva ni mnyama, kosa langu ni nini? Na kama ni mtu, si ndiyo nilimheshimu? Niligeuza hivi, nikageuza vile, kichwa kikauma.

Shule ilipofunguliwa nilikuwa bado na simu ya mama; rafiki yangu akaiomba apige hesabu, akaziona zile picha.

"Ulisema utafuta."

Nikatafuta kalamu.

"Bibi hakuulizi wewe. Ananiuliza mimi, umetuletea mtu gani?"

Akahamia dawati la mbele. Siku saba nilikula mihogo peke yangu. Siku ya nane nikamfuata, nikampa simu, nikamwambia afute mwenyewe, maana mimi bado sielewi ila sitaki abaki na hasira. Akafuta zote tatu. Akanirudishia simu.

Nikabaki bila kitu cha kumwonyesha mwalimu, kwa hiyo nikamchora nguva kwenye daftari: mdomo, mkia, mapezi. Nilipofika kwenye matiti mkono ukagoma. Nikachora kanga juu yake, nikavuta mstari, nikaandika: "Matiti yapo hapa chini." Mwalimu anaweza kuninyima alama, sijui.

Rafiki yangu alipita akielekea kutupa karatasi. Akasimama. Akauangalia mchoro, kisha akaichukua ile kalamu yangu.

"Pindo la ile kanga halikuwa hivi," akasema, akakaa, akaanza kulirekebisha.