Injini Iliyoachwa Wazi Siku ya Sabato

Kabla Tata hajafika nyumbani, harufu yake ilikuwa imekwisha kufika. Ilipita juu ya ua, ikaingia jikoni na kukaa nasi karibu na meko: oili iliyoungua, utomvu wa ndizi mbichi, na kitu kingine kikali kama sufuria iliyosahauliwa motoni. Tata ndivyo tunavyomwita baba kwa Ekegusii, na huyo wangu alikuwa mwendesha boda aliyebeba ndizi kuliko alivyobeba watu. Siku ambayo utomvu ulizidi katika harufu yake, siku hiyo ilikuwa njema, na angeingia akiuliza nani amekula chakula chake. Siku ambayo oili ilizidi, Mama hakumwuliza neno. Alimwekea maji ya kuoga nyuma ya nyumba, nami nikajua pikipiki imemkatalia tena mlimani.

Kwetu ni bondeni, katikati ya Marani na Mosocho, mahali ambapo ukitaka kwenda popote sharti upande kwanza. Nilikuwa darasa la sita. Pikipiki yetu ilikuwa imezeeka kabla haijawa yetu, na injini yake haikuwa na maji ya kuipoza kama ya gari. Ilitegemea upepo na oili basi. Sasa chukua injini kama hiyo, ipakie mikungu ya ndizi nyuma na ubavuni, halafu uipandishe mlima wa kanisani kwa gia ya kwanza, polepole, pasipo upepo wa maana. Ilianza vizuri kila mara, ikinguruma kama ina hasira na mtu, lakini mbio za sakafuni huishia ukingoni. Ikifika kwenye kona yenye jiwe kubwa, ilipoteza nguvu, ikakohoa, ikazima. Hapo Tata alikaa juu ya jiwe akingoja ipoe, na ndizi zilifika sokoni Mosocho wakati wanunuzi wamekwisha kuondoka.

Mwaka huo, katika miezi ya baridi, mjomba wangu alipiga simu kutoka Nairobi. Alikuwa amempatia Tata kazi ya kulinda jengo la kupangisha, lakini mwenye jengo hangengoja zaidi ya Jumapili jioni. Tata hakukubali wala hakukataa. Alisema, "Kama hii pikipiki itapanda mlima na mzigo, nabaki. Ikikataa, naiuza na kwenda." Aliyasema hayo huku akimega ugali wa wimbi, kama mtu anayeongea juu ya mvua. Mimi sikumeza kitu tena. Niliwajua watoto ambao baba zao walikwenda hivyo. Baba hao walirudi Desemba na mkate na viatu vipya, wakauliza darasa ambalo mtoto alikuwa amelipita zamani. Lakini nilikuwa mtoto wa aibu, na hata leo mimi ni mtu wa kuandika kuliko kusema, kwa hiyo sikumwambia yeyote kwamba sitaki aende. Nilichoweza ni kutotulia. Nilikwenda barabarani na kurudi, nilichota maji ambayo hayakuhitajika, nilibandua magamba ya vidonda hadi vikatoka damu upya.

Aliyeleta tumaini alikuwa Fundi Salim, mtu wa Kisii mjini, ambaye babu zake walifika huko na biashara kutoka pande nyingi hata yeye alichoka kuzitaja. Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka. Chetu kilikuwa na mabonde na milima kama shamba letu. Alikuwa ametoa kwenye pikipiki kubwa iliyopata ajali kifaa ambacho sisi tulikiita rejeta ya oili, kipana kama sahani, chenye mapezi membamba yaliyopangana kama mashavu ya samaki. Alimweleza Tata kwamba oili moto ingetoka kwenye injini kwa mpira mmoja, izunguke humo ndani huku ikipigwa na upepo, kisha irudi kwa mpira wa pili ikiwa imepoa. "Ni kama kumhamishia chai mtoto kutoka kikombe hiki hadi kile," alisema, "mpaka isimchome." Tata alicheka. Mama hakucheka. Alikuwa anaanua mashati mawili mazuri ya Tata kwenye kamba, na baadaye nilimwona akiyakunja na kuyaweka ndani ya begi lililokuwa juu ya kabati. Moyo wangu ulimgeukia kwa ubaya. Nilidhani anamfukuza.

Walipatana kazi ifanyike Ijumaa. Hapo ndipo nilipogundua kwamba Ijumaa ni siku fupi sana ikiwa fundi ni Mwislamu na mwenye pikipiki ni Msabato. Fundi Salim hangeweza kuja kabla ya swala ya mchana, na Tata hangeweza kufanya kazi baada ya jua kuzama na Sabato kuingia. Juu ya hayo mvua ilinyesha, njia ikateleza, na fundi alipoingia uani kwetu akiwa ameshika viatu mkononi, kivuli cha migomba kilikuwa kimeanza kurefuka. Alifanya kazi haraka. Alimwaga oili yote ndani ya beseni kuukuu, ikatoka nyeusi na nzito kama uji uliolala. Alifungua bolti ubavuni mwa injini, mahali oili inapopita, ili aweke nyingine yenye tundu la kupelekea mpira. Alifunga rejeta mbele, chini ya tangi, akaitikisa kwa mkono kuona kama imeshika. Tata alikuwa anampa spana kwa mkono mmoja na kwa jicho moja anatazama mlima wa magharibi. Halafu akasimama.

"Fundi, weka chini."

"Mzee, kumebaki kukaza mipira tu na kutia oili."

"Jua limezama."

"Basi kaa wewe. Mimi Sabato yenu hainihusu, nimalize."

Tata alitikisa kichwa. "Amri inasema wewe, mwanao, mtumwa wako, hata mgeni aliye ndani ya malango yako. Sasa wewe ndiye mgeni, na lango ni hilo pale."

Fundi Salim alitazama lango letu, ambalo lilikuwa miti miwili na bati, akacheka hadi akashika mbavu. "Nimeitwa majina mengi mjini, lakini hili ni jipya!" Hakukasirika. Aliziba matundu ya injini kwa vitambaa safi, akafunika kila kitu kwa jani la mgomba na beseni kubwa juu yake, akanawa, akaondoka. Mimi nilisimama mlangoni mwa jikoni nikitamani kulia. Tulikuwa tumebakiwa na Jumapili peke yake, na injini ilikuwa imefumuliwa uani kama kuku aliyepasuliwa.

Sijawahi kuona Jumamosi ndefu kama ile. Kanisani mchungaji alihubiri juu ya pumziko, nami nilikalia benchi kama nimekalia siafu. Kila tone la mvua lililopiga paa niliona linaingia ndani ya silinda. Tuliporudi, tulikula chakula kilichopikwa Ijumaa, tukakaa. Mama alisoma Biblia bila kufungua ukurasa wa pili. Tata, mikono yake ikiwa safi kwa mara moja katika juma, alitoka nje, akaanza kuizunguka pikipiki polepole, mikono ameifunga mgongoni kama mwalimu mkuu anayekagua darasa. Aliinama, akanusa. Alichungulia chini ya beseni bila kuligusa. Alipoinua macho na kunikuta ninamtazama, alikohoa, akasema, "Kuangalia si kazi." Ndiyo mara pekee niliyocheka siku hiyo, na kwa kumwona akiizunguka hivyo nilijua kwamba naye hataki kwenda. Jambo hilo halikunituliza hata kidogo. Ilikuwa afadhali nikidhani anataka.

Asubuhi ya Jumapili fundi alirudi, akabisha kwenye bati letu na kupaza sauti, "Mgeni wa malango amefika!" Tata akamjibu, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Fundi akakaza mipira kwa washa mpya za shaba, vile vipete vya kuzuia kuvuja, akatia oili, kisha akaongeza nyingine kidogo, kwa sababu rejeta nayo, alisema, ina tumbo lake. Injini ikawaka. Tuliinama sote kuangalia kama kuna tone linalovuja. Hapakuwa na tone. Fundi alimshikisha Tata mpira wa kwanza, ulikuwa moto, halafu wa pili, ulikuwa vuguvugu. Alikunywa chai yetu, akaenda zake mjini kwa mteja mwingine. Tata akapakia ndizi, akavaa koti, akafunga turubai lake mbele kama siku zote za baridi, akaondoka. Turubai hilo Mama alikuwa amelishona kwa sindano ya magunia kutoka kipande kizito cha lori. Lilifungwa kwenye usukani na vyuma vya pembeni, likakinga miguu ya Tata na manyunyu kutoka magoti hadi vidole.

Pale darajani, chini ya mlima, vijana wa steji ya boda walikuwa wameshapata habari. "Buda, kumbe umeweka friji!" mmoja aliita. "Tuuzie soda baridi basi!" Tata akamwambia, "Ngoja nifike juu, ya kwanza utakunywa wewe." Akaingiza gia. Mama na mimi tulifuata kwa miguu, yeye akiwa na kikapu cha parachichi kichwani. Tulisikiliza. Mlio ulipanda sawasawa, ukapita kanisa, nikaanza kupumua. Halafu ukawa mzito. Ukakohoa. Ukanyamaza. Chini darajani mtu alipiga mluzi.

Tulimkuta kwenye kona ileile, amekaa juu ya jiwe lilelile, kofia ya chuma miguuni. Simu ilikuwa mkononi mwake na jina la mjomba lilikuwa limewaka kwenye kioo. Kidole kilikuwa juu yake, bado hakijabonyeza. Mama alitua kikapu. Hakumtazama Tata, alikwenda moja kwa moja kwenye pikipiki, akapitisha kiganja mbele ya injini, akakiondoa haraka kwa sababu ya joto. Kisha akainua pembe ya turubai lililoifunika rejeta. Upepo wa mlimani uliingia pale chini, nikauona ukitikisa utepe mdogo ambao fundi alikuwa amefungia mpira. Akaliachia, utepe ukatulia. Akaliinua tena.

"Ise Kerubo," alisema, na hilo ndilo jina analomwitia, baba wa Kerubo, yaani mimi. "Ni nani huweka dirisha kisha akafunga pazia?"

Tata aliangalia. "Hilo pazia umeshona wewe," alisema.

"Nimeshona mimi na ninalifungua mimi."

"Na baridi?"

"Baridi ya hapa ninaijua dawa yake," Mama alisema, akikata kamba kwa meno. "Ya Nairobi siijui."

Nilikuwa nimemkasirikia siku zote hizo kwa ajili ya mashati yale, na kumbe mtu anaweza kumkunjia mwenzake nguo za safari huku akiomba safari isiwepo. Tulingoja injini ipoe. Tata alirudisha simu mfukoni. Alipopiga kiki, mimi na Mama tulibaki tumesimama katikati ya njia kama watu waliosikia wimbo wa taifa, tukiufuata mlio kwa masikio tu, kona baada ya kona, mpaka ukavuka kilele na kulainika, kama unavyolainika injini ikipata tambarare. Mama aliinua kikapu chake. "Twende," aliniambia, "zitaiva tukiwa hapa."

Jioni hiyo Tata aliongea na mjomba kwa maneno machache. Mama alikata turubai vipande viwili, akamshonea mrija mmoja kwa kila mguu, na steji nzima ikamwita Suruali kwa muda mrefu. Leo rejeta kama ile nimeziona kwenye pikipiki nyingine kuukuu za Mosocho, na kuna vijana wenye pikipiki za umeme wasiojua hata oili ina rangi gani. Mimi niko kidato cha tatu, shule ya bweni upande wa Nyamira. Nikisikia basi la Nairobi likipiga honi barabarani, nakosa usingizi. Nataka kwenda mbali, sijui hata kufanya nini. Mtoto aliyekosa chakula kwa hofu kwamba baba yake ataondoka sasa anahesabu kuondoka kwake mwenyewe, na sina msemo wala methali ya kulifunika jambo hilo likaonekana zuri.

Likizo iliyopita ilipokwisha, Tata alinirudisha shule. Ni rahisi kuongea na mgongo kuliko uso, kwa hiyo tulipokuwa tunapanda mlima wa kanisani nilimwambia nyuma ya kofia yake, "Tata, nikimaliza shule sitaki kubaki huku." Tulipita kona, tukapita jiwe. Alipofika kileleni alizima pikipiki, ingawa injini haikuwa na shida yoyote, akakaa akitazama bonde letu lote na moshi wa majiko yake.

"Mama yako alinibakisha kwa maneno mawili," alisema. "Mimi nimetafuta tangu kule chini, sijapata hata moja la kukubakisha wewe. Kwa hiyo utaenda."

Nilikuwa nimejiandaa kwa ubishi, si kwa ruhusa. Nilitaka kumwambia aendelee kutafuta kidogo, lakini aibu yangu mnaijua. Akapiga kiki, tukaanza kuteremka, nami nikamshika kiunoni kwa nguvu kuliko nilivyowahi kumshika nikiwa darasa la sita.