Nilipandisha bati jipya kwenye nyumba ya Bi Zena bila ruhusa, Kariakoo enzi za vibali

Wakuu, heshima zenu.

Wiki nzima nasoma humu mnavyobishana bomba likipasuka nani atoe hela, mpangaji au mwenye nyumba. Vijana mnatukanana utadhani bomba lenyewe ni la urithi.

Nikaona na mimi mzee wenu niweke yaliyonikuta. Sitatia chumvi, na nilipokosea nitasema nilikosea. Naandika kwa kidole kimoja, mnivumilie.

Miaka hiyo ni ya Ujamaa, ile ya foleni za sukari na sabuni. Mimi ni mtu wa Moshi, nilikuwa karani wa stoo kwenye shirika moja la umma hapa Dar. Tulipanga chumba kimoja Kariakoo, mimi, mke wangu na binti yetu wa kwanza, Neema, wa miezi mitatu.

Nyumba zenyewe wakongwe mnazijua. Ukumbi katikati, vyumba vitatu huku na vitatu kule, nyuma uani kuna bomba, jiko na choo cha wote. Kuta za miti na udongo, juu zimepigwa plasta. Paa ni mabati yenye kutu, yamezibwa viraka vya madebe yaliyonyooshwa.

Mwenye nyumba aliitwa Bi Zena. Mjane, asili yao Uarabuni, umri kama miaka sitini hivi, hana mtoto. Aliishi humo humo pamoja nasi, chumba cha kwanza kushoto ukiingia. Msafi sana, maneno machache. Ukimwamkia shikamoo anakuitikia marahaba mwanangu, kisha anaendelea kufagia.

Sasa sheria ya nyumba ile haikuandikwa popote ila kila mtu aliijua. Paa na kuta ni za mwenye nyumba. Mlango, kitasa, dirisha na taa ni juu yako mpangaji, na siku ukihama unang'oa vyako unaondoka navyo.

Msicheke. Nimeona kwa macho yangu mtu anahama mtaa wa pili na mlango kichwani.

Kwa hiyo masika ilipoanza na chumba changu kikaanza kuvuja, mimi sikuwa na wasiwasi. Paa ni la mwenye nyumba. Nikamfuata uani kwa adabu zote.

"Bi Zena, kule kwetu kunavuja. Jana maji yameingia kitandani kwa mtoto."

Akaniangalia. "Sogeza kitanda, mwanangu."

Nikasogeza kitanda. Wiki iliyofuata tundu jingine. Nikarudi.

"Itapita tu, masika haikai mwaka mzima," akasema.

Mara ya tatu nikamwambia basi nitafute fundi mimi mwenyewe, tutaelewana kwenye kodi. Hapo akaacha ufagio kabisa.

"Mtu asipande juu ya paa langu. Umenisikia? Acheni kama lilivyo."

Hata ngazi ya nyumba alikuwa anaifungia chumbani kwake. Mimi nikajua moja kwa moja: huyu mama ni bahili. Nilimsema sana chumbani kwetu, na Mama Neema akawa ananiambia punguza sauti, ukuta ni wa udongo.

Neema akaanza kukohoa. Kikohozi kile cha mtoto mchanga kinachomfanya mzazi ashindwe hata kunywa chai. Tulimpeleka hospitali, tukaambiwa mtoto asilale kwenye unyevu. Rahisi kusema. Kupata chumba kingine Kariakoo wakati ule ilikuwa kazi, na mshahara wangu usingetosha kwenda kupanga gorofani.

Basi nikaenda kwa bosi wangu, nikapigania kibali cha bati. Wadogo zangu, enzi hizo bati huendi dukani ukaokota. Unaandika barua, unasubiri, unaandika nyingine. Nilipata mabati matatu, na nilivyoyabeba kwenye mkokoteni kutoka stoo nilijiona tajiri.

Nikayaficha kazini nikisubiri nafasi.

Nafasi ikaja. Bi Zena akavuka Kivukoni kwenda Kigamboni, arobaini ya ndugu yake, akaaga kwamba atakaa siku tatu. Siku ya pili tu nikamleta fundi kutoka Mchikichini na ngazi yake. Kufika saa sita mchana kazi imekwisha. Yale madebe mabovu tukayatupa, mabati matatu mapya yakakaa juu ya chumba chetu. Jua likiyapiga huwezi kuyatazama.

Mchana ule ule mvua ikanyesha. Ndani hata tone. Mama Neema alicheka peke yake, mimi nikajisikia mwanaume.

Kesho yake alasiri Bi Zena akarudi.

Mimi nilikuwa nimeketi barazani, nimejiandaa kabisa na maneno yangu. Nikamwona anakuja na kikapu chake. Alipofika ng'ambo ya barabara akainua macho, akaliona paa. Akasimama. Watu wanampita, baiskeli zinampigia kengele, yeye kasimama tu.

Kisha akavuka, akaja akakaa barazani pembeni yangu. Nilitegemea matusi.

"Umeniua, mwanangu," akasema, taratibu. Akaingia ndani.

Nikasema ahaa, maigizo.

Asubuhi natoka kwenda kuoga, namkuta uani. Ana karai la majivu aliyoyachanganya na tope. Amefunga ufagio kwenye mti mrefu, anauchovya kwenye lile tope na kujaribu kulipaka bati langu jipya. Tope linamrudia usoni na kwenye kanga.

Wakuu, nilipandwa na hasira. Nimepigania kibali, mtoto wangu kalala pakavu siku mbili, halafu mtu anakuja kulichafua!

"Bi Zena, unafanya nini? Nimekutengenezea nyumba yako bure!"

"Nani kakutuma? Nyumba yangu hii! Wallahi utaling'oa bati hilo leo. Si mnang'oaga vitasa vyenu? Ng'oa na bati lako. Na kama huwezi, mwezi ukiisha mchukue mkeo na mwanao mwende."

Mama Neema alikuwa mlangoni na mtoto mgongoni, amesikia yote. Ule uso wake ndio uliniuma. Mwezi ulikuwa umebaki siku tisa, na hatukuwa na pa kwenda.

"Nipe ngazi," nikamwambia kwa jeuri. "Naliondoa sasa hivi."

"Ipo chumbani kwangu. Kaichukue."

Nilikuwa sijawahi kuingia chumba cha Bi Zena. Nikasukuma mlango.

Sakafuni kulikuwa na mabeseni manne na sufuria mbili, zote zina maji. Ukiangalia juu unaona mbingu, vitundu vingi vingi. Godoro limekunjwa, limefunikwa turubai. Mswala umeanikwa kwenye kamba. Katikati, mahali pekee palipokuwa pakavu, kuna kiti cha mbao na mto juu yake.

Ngazi ilikuwa imeegemea ukutani nyuma ya kitanda. Nikainama kuivuta, ndipo nikaona chini ya kitanda. Magunia. Nikafunua moja.

Mabati. Mapya, bado yana mafuta ya kiwandani. Yamelala pale kumi au zaidi, ya kutosha kuezeka vyumba vya mbele vyote.

Mtaani watu tunasugua visigino kwa kibali cha bati moja, mwenye nyumba wangu anayo uvunguni, na yeye mwenyewe analala kwenye kiti!

Nikatoka bila ngazi. Hasira ilikuwa imeshaniishia, sijui ilienda wapi. Nikakaa kwenye kibao cha jikoni.

"Bi Zena, mvua ikinyesha unalala kwenye kile kiti?"

Akaacha kupaka. Akanawa mikono. Kisha akakaa, akanieleza.

Marehemu mumewe alikuwa na nyumba mbili. Hii, na gorofa moja mjini, upande wa pili wa Mnazi Mmoja, aliyoipangisha. Akaipaka rangi ile gorofa, akabadilisha madirisha, ikapendeza mpaka watu wanasimama kuitazama. Haikupita muda, serikali ikachukua majumba ya kupangisha na gorofa yao ikiwemo. Mzee akashikilia kwamba ni ile rangi. Angeiacha chakavu wasingeiona.

Mabati haya aliyanunua kabla, kwa ajili ya nyumba hii. Akayasukuma chini ya kitanda na kumwachia mkewe usia: nyumba hii usiing'arishe. Iache ionekane mbovu, ndiyo itakayokusitiri.

"Sina mtoto, sina kwetu kwingine," Bi Zena akasema. "Wakiichukua hii nitakwenda wapi? Na wewe umeniwekea kioo juu ya paa."

Najua kuna mkuu ataandika hapo chini kwamba huyo mama alikuwa mjinga. Taratibu, mkuu. Na wewe ungekuwa umeshapoteza moja, hiyo iliyobaki ungeichezea?

Mimi nilijisikia vibaya sana. Mama wa watu nimemwita bahili karibu miezi miwili, na muda wote alikuwa analowa kuliko mimi. Nikamwambia nipe siku mbili, nikishindwa naling'oa.

Jioni nikaenda kwa balozi wetu wa nyumba kumi, Mzee Kondo, mtu mtulivu aliyejua njia za maofisini. Kesho yake tukampeleka Bi Zena ofisi ya ardhi kuuliza. Tulikaa kwenye benchi asubuhi nzima. Yeye ameshika karatasi za nyumba kifuani kwa mikono miwili, kila mlango ukifunguliwa anashtuka.

Afisa alikuwa kijana mpole. Akamsikiliza mpaka mwisho, akatazama karatasi.

"Mama, yaliyochukuliwa ni majengo makubwa, yale ya thamani, wenyewe hawakai humo. Hii ni nyumba ya udongo na unaishi mwenyewe. Haimo na haikuwahi kuwemo. Ezeka nyumba yako, mama."

Bi Zena akauliza tena. Akajibiwa vilevile. Tulipofika Kariakoo akanitolea ngazi mwenyewe.

Jumapili yake tulipanda wote juu, mimi na yule fundi. Yale mabati ya uvunguni yakatoka kwenye giza, tukaezeka mbele yote. Bati langu akalihesabia kwenye kodi, nilikataa akakasirika, nikakubali. Habari ya kuhama haikutajwa tena. Neema kikohozi kikaisha, leo ana wajukuu.

Fundisho langu? Kwenye uzi ule mnauliza nani alipe. Swali zuri, na mwandikiane mkataba, mambo ya kwa mdomo yatawagombanisha. Ila mwenye nyumba akikataa kutengeneza, au mpangaji akikataa kuchangia, kabla hujamwita bahili muulize kwanza anaogopa nini. Mimi sikuuliza. Nilivizia mjane ameenda msibani nikapanda juu ya paa lake. Ilitokea heri, lakini nilikosa adabu na nilimwomba radhi akiwa hai.

Mvua ya kwanza baada ya kuezeka ilikuja alasiri, kubwa. Nikapita ukumbini, mlango wake uko wazi. Godoro limetandikwa. Mabeseni amekwishayatoa. Bi Zena amekaa kwenye ukingo wa kitanda, anasikiliza bati linavyopiga kelele, machozi yanamtoka.

Nikamwuliza kama kunavuja popote. Akatikisa kichwa.

"Mvua zote zile, mwanangu," akasema. "Nilikuwa nakaa kwenye kile kiti kwa ajili ya nani?"

Mwenye jibu aandike hapo chini, nasoma yote.